Daftari Nililosema Limepotea

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mpira, nilipewa ndoo. Kocha Mkuu wa timu yetu ya wilaya pale Mpwapwa, mtu mfupi asiyejua kusema polepole, alininyooshea kidole akauliza, "Wewe si ndiye golikipa mpya? Basi nenda kamwagilie ofisi yako." Ofisi yenyewe ilikuwa kati ya milingoti miwili. Nyie mnaodaka kwenye nyasi hamwezi kuelewa. Kiangazi ardhi yetu ya huku ni ngumu sawa na sakafu, na kipa asiyelowanisha eneo lake kabla ya mazoezi alirudi nyumbani nyonga zimechunika. Bomba lilikuwa mbali. Nilikwenda safari kumi na moja, na mazoezi yalipoanza mikono ilikuwa imekwisha.

Makocha vijana mmeniomba niwaeleze kazi ya ukipa ilivyokuwa enzi zetu. Sawa. Kwanza ilikuwa kazi ya kuusoma upepo. Uwanda huu wetu una upepo usio na adabu, kwa hiyo tulifundishwa kurusha vumbi kidogo juu kabla ya mechi. Likirudi golini kwako, ujue krosi zote zitarefuka na kukuangukia nyuma, basi unarudi hatua moja kuuelekea mlingoti wa mbali. Kisha kupunguza pembe, yaani kumfuata mshambuliaji badala ya kumngoja, ili alione goli dogo. Na mpira wa juu usioweza kuudaka unaupangua upite juu ya mtambaa wa panya, kama mnavyouita ule mwamba wa juu. Hayo yote nilifundishwa na Kocha Mkuu kwa matusi, na nikayajua.

Vipimo vya dawa? Hakukuwa na vipimo. Kipimo kilikuwa pua ya Katibu wa timu. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, kipa namba moja, na nilishaambiwa nakaribia kuitwa timu ya mkoa. Jumapili moja nikavuta bangi na wenzangu nje ya mji. Sikusingiziwa, nilivuta. Jumatatu Katibu akanishika kola ya jezi, akanusa, akanusa tena.

"Vua jezi."

"Mzee, nisikilize kwanza."

"Nimeshanusa. Vua, iache hapo mezani."

Nikamuuliza nitarudi lini. Akasema, "Nikikuita." Hakuniita. Hakuna kamati, hakuna rufaa, wala siku ya kuhesabu. Nilirudi kwetu Kibakwe kulima maharage, na kwa miaka sita nikawa nasikia watu wakimsifu kijana aliyekuwa akikaa benchi nyuma yangu. Huko shambani ndiko nilikojifunza wivu, tena nikaujua vizuri kuliko ukipa.

Katibu mwingine alipoingia aliniita, lakini mwili ulikuwa umeshachelewa. Akanipa kazi ya kufundisha makipa. Nilifundisha Mpwapwa miaka mingi, halafu klabu moja kubwa ya Dodoma mjini ikanichukua niwe kocha wao wa makipa. Huko nilikaa mpaka kustaafu.

Nitawaambia jambo moja la kazi ambalo siwezi kuliacha: daftari. Mbali na karatasi ya mahudhurio ya Meneja wa Timu, kocha wa makipa awe na daftari lake mwenyewe. Nani kaja, nani anaumwa bega, nani kalala vibaya, nani ana msiba. Andika siku ileile, kabla hujavua viatu. La kesho utalipamba.

Basi akaja Issa. Kijana wa Kirangi kutoka vilima vya Kondoa, miaka ishirini na mitatu, mrefu, viganja kama beleshi. Kila asubuhi alikuja mbio mpaka niliposimama, akainamisha kichwa, "Shikamoo, Mwalimu." Haikuwa shikamoo ya kutupa huku mtu anapita. Alisimama akangoja marahaba yake, ndipo akaenda kuvaa glavu.

Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza. Nasema wazi kwa kuwa nimestaafu na sina cha kuficha, au karibu sina. Nilimwonea wivu kwa nyasi alizoangukia, kwa jozi zake tatu za glavu, kwa mtu wa kumkanda misuli. Nilipomfundisha kupunguza pembe alielewa kwa siku moja kitu nilichokipata kwa mwaka mzima. Watu walinipongeza, "Mwalimu, huyu umemtengeneza!" Nikacheka nao. Moyoni nikasema, na mimi ningekuwa huyu.

Mwaka wake wa pili mama yake akafariki, Jumatatu, wiki ya mechi. Meneja wa Timu alikuwa haruhusu mtu kutoka kambini, hata iweje. Issa akaja kwangu macho mekundu. Nikamwambia, "Nenda ukamzike mama yako. Karatasi ya Meneja niachie mimi." Nikamwekea alama ya kuwepo siku zote nne, maana upande wa makipa nilijaza mimi. Mnaona? Sikuwa mtu mbaya tu. Alhamisi jioni akarudi, akaninong'oneza, "Mwalimu, sitakuficha. Jana vijana wa nyumbani walinipa bangi nikavuta, kichwa kilikuwa kinapasuka kwa mawazo." Nikamjibu, "Kunywa maji mengi, ukalale." Jioni hiyo nikaandika kwenye daftari, viatu vikiwa bado mguuni. Jumamosi nikampanga golini. Kama nilisahau kwamba siku hizi kuna vipimo, au sikutaka kukumbuka, mpaka leo sijajua.

Baada ya mechi wakaja maofisa wawili wa vipimo na begi lao. Mchezaji akishachaguliwa, ofisa anamfuata mpaka chooni na kumsimamia, hakuna kuona haya. Mkojo unagawanywa kwenye chupa mbili. Ya A inapimwa, ya B inatunzwa imefungwa iwapo mchezaji atabisha. Zote husafirishwa maabara, nje ya nchi. Majibu yalipokuja, bangi ilikuwemo, na Issa akafungiwa miaka miwili.

Alikuja nyumbani kwangu akalia. Nikampigapiga mgongoni, "Pole, mwanangu, pole sana." Na ndani yangu kitu kikasema, haya, na wewe onja.

Alikuwa ametumikia miezi mitano sheria ilipobadilika. Daktari wa Timu, mwanamama makini ambaye hakuwahi kupaza sauti, alituita ofisini kwa Meneja, mimi na Issa.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Bangi sasa imewekwa kwenye kundi la vilevi vya mitaani. Mchezaji akithibitisha kwamba alitumia siku isiyo ya mechi, na haikuwa kwa ajili ya kumsaidia kucheza, adhabu ni miezi mitatu tu. Na aliyefungiwa kwa sheria ya zamani anaruhusiwa kuomba apunguziwe."

Issa akaruka kitini. "Miezi mitatu? Daktari, mimi nimeshakaa mitano!"

"Ndiyo. Ukithibitisha, unacheza mwezi ujao."

Meneja akatoa karatasi yake ya mahudhurio, akaigonga kwa kalamu. "Tatizo ni hili. Issa anasema alikuwa msibani Kondoa. Hapa alama zinaonyesha alikuwa kambini wiki nzima. Kamati itasema mtu anayedanganya alipokuwa, anadanganya na siku aliyovuta."

Nikakiri kwamba alama nilimwekea mimi. Meneja alinitazama kwa hasira, na baadaye nilipewa barua ya onyo. Daktari akatikisa kichwa. "Umefanya vema kusema, Mwalimu, lakini neno la mdomo la kocha wake halitatosha. Kamati inataka kitu kilichoandikwa siku ileile. Wewe si huwa na daftari?"

Lilikuwa kwenye mkoba, kati ya miguu yangu. Nililigusa kwa kisigino. Issa alikuwa ananitazama, uso umemng'aa kama mtu aliyeshaitwa jina. Nikaiona jezi yangu juu ya meza ya Katibu. Miaka sita ya jembe, na huyu anataka kurudi baada ya miezi! Kosa ni lilelile. Nani alibadilisha sheria kwa ajili yangu?

"Lilipotea," nilisema. "Nilipohama nyumba."

Msije mkadhani niliogopa kufukuzwa kwa kuwa daftari lilionyesha nilijua na bado nikampanga. Ningefurahi kuwa na sababu hiyo. Ulikuwa wivu, basi. Tulikuwa na siku kumi kabla ya ombi kwenda. Kila siku nilisema kesho nitasema nimeliona. Siku ya kumi na moja nikahisi nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyonitisha.

Kamati ilikataa. Issa alimaliza miaka yake miwili yote. Aliporudi, kipa mwingine alikuwa ameshashika nafasi, na klabu haikumwongezea mkataba. Siku ya kuniaga kazini alikuja kutoka mbali, akiwa na glavu mpya kwenye mfuko. "Shikamoo, Mwalimu. Hizi zako. Najua ulivyohangaika. Ulijichongea kwa Meneja kwa ajili yangu, Wallahi siwezi kusahau." Nikajibu marahaba. Watu wakapiga makofi.

Leo Issa anafundisha makipa wa timu ya wilaya, Mpwapwa, kiwanja kilekile cha ndoo. Wivu wangu ulipata ulichokitaka, kijana mwenye maisha kama yangu. Lakini kuna kitu haukupata. Yeye hakuwa na kinyongo. Nilipopita kiwanjani niliwasikia vijana wake wakicheka naye wakati wakimwagilia. Mimi sikuwahi kucheka na mtu pale. Nikamwonea wivu tena, safari hii kwa moyo wake.

Sikulala vizuri miezi mingi. Mwishowe nikapanda basi la asubuhi kutoka Kibakwe, nilikorudi baada ya kustaafu, mpaka kiwanjani kwake, daftari kwenye mkoba. Alikuja mbio, akainamisha kichwa, "Shikamoo, Mwalimu." Badala ya kuitikia, nikafungua ukurasa nikampa. Naunakili hapa ulivyo:

*Alhamisi. Issa karudi kutoka msibani Kondoa, siku nne, ruhusa yangu. Kasema jana alivuta bangi huko, mawazo. Nimemwambia anywe maji, alale. Mazoezi kesho saa mbili.*

Aliusoma, akausoma tena. Vijana wake waliita, hakugeuka.

"Lilikuwa wapi?" aliuliza.

"Siku ile? Miguuni kwangu."

"Miguuni." Akalifunga daftari, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akanirudishia kwa mikono miwili. "Kwa nini, Mwalimu?"

"Nilikuonea wivu."

Akaokota ndoo, akarudi kwa vijana wake.

Mnaosoma haya mna sheria nzuri kuliko zetu, na zitazidi kubadilika. Lakini sheria inangoja karatasi, na karatasi iko mikononi mwa mtu. Nimemwandikia Daktari, ambaye bado yuko kazini, nikamweleza yote. Lakini miaka aliyoipoteza Issa, hakuna anayeweza kumrudishia.

Juzi tulikutana stendi ya Mpwapwa. Alikuwa ameshuka na mipira kwenye nyavu begani. Nilisimama, nikajiweka tayari kama zamani.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri," nilijibu.

Akapita. Hatua tatu mbele alikuwepo mama mmoja wa makamo anayeuza karanga, wala sidhani kama anamfahamu. Issa akasimama, akatua mipira chini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwonea wivu yule mama.