Simu Ndani ya Pamba

Msimu ule pamba ilijaa chumba cha mbele hadi usawa wa dirisha, ikisubiri kupelekwa mizanini, na soketi pekee ya nyumba nzima ilikuwa ukutani nyuma yake. Nyumba ya mama, nje kidogo ya Mwadui, ndiyo ya kwanza upande ule kuingiziwa umeme. Majirani walileta simu zao kwetu, na kumnyima mtu chaji ni kama kumnyima maji ya kunywa.

Asubuhi hiyo tulipata habari kwamba duara moja, shimo wanaloshukia wachimbaji wadogo, limeporomoka huko Masumbwe. Kaka yangu anachimba huko. Simu yake haikupatikana. Mchimbaji mwenzake alimwambia mama watu wanatolewa, asubiri atapigiwa, kisha mtandao ukakatika. Nayo simu ya mama ilikuwa karibu kuzima.

Mchana nilirudi kutoka kisimani nikamkuta mama amekaa mlangoni. Ndani mlinuka plastiki iliyoungua.

"Mama, simu iko wapi?"

"Inachaji." Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye pamba. "Nimeifukia. Jirani akiiona atachomoa yangu achomeke yake, nami nitamwambiaje?"

Niliogelea kwenye ile pamba hadi ukutani, nikazima swichi kwanza, ndipo nikafukua. Simu ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka majivuni. Chaja ilikuwa imelegea kwa joto upande mmoja, na pamba iliyoigusa ilishageuka kahawia. Niliichomoa.

Kaka ndiye aliyeituma chaja ile kwa basi. Ilikuwa nyepesi kama kiberiti kitupu, haina hata herufi moja ubavuni, na meno yake yalicheza ndani ya soketi. Lakini ilitoka kwake.

"Irudishe," mama alisema.

"Imeyeyuka, mama."

"Irudishe, nasema! Apige akute imezima?"

"Nikiirudisha nyumba itawaka."

"Iwake!" Kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Niliilaza simu kwenye sakafu tupu ipoe, na ile chaja, sasa kidonge cheusi, kando yake. Alama ya betri ilibaki mstari mwembamba mwekundu. Tuliutazama ule mstari kama watu wanaotazama kifua cha mgonjwa, na kila kioo kilipofifia mama alishtuka.

"Hodi!" Jirani aliingia, simu mkononi, chaja imening'inia kidoleni. "Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Umeme umerudi? Asubuhi uliniambia umekatika."

"Marahaba," mama alisema. "Haukukatika. Nilikudanganya. Nasubiri simu ya mwanangu. Duara limeporomoka."

Jirani aliishusha simu yake. Halafu akaona kile kidonge cheusi sakafuni. "Mayu nawe! Kwani mimi ningeumaliza umeme wote? Na hiki nini, umesonga ugali wa plastiki?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Alinipa chaja yake, ile iliyokuja na simu yake, ya aina moja na ya mama. Tulibeba pamba kwa makumbatio, sote watatu, hadi ukuta ukabaki mtupu. Simu ilipopoa niliiweka juu ya kigoda, mahali pa wazi, nikachomeka. Niliishika chaja mara kwa mara kama anayepima homa ya mtoto. Ilikuwa vuguvugu tu. Jirani alikaa chini na simu yake iliyozima mapajani, hakuiulizia zamu.

Jua lilikuwa limefika kizingitini simu ilipoita. Namba ngeni. Nilichomoa waya, mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Mayu, ni mimi."

Hakuwa ndani ya lile duara. Alikuwa anavuta wenzake kwa kamba, simu yake ikaangukia shimoni. Mama alilia bila sauti, sisi tukimsikia kaka akikohoa vumbi upande wa pili.

"Mayu, mbona kimya? Au chaji inaisha? Chaja niliyokutumia inafanya kazi lakini?"

Mama alikitazama kile kidonge sakafuni.

"Wewe njoo nyumbani kwanza," alisema. "Utaiona."