Maksai Aliyebaki Malampaka

Mwaka 1995, kampuni binafsi zilipoanza kununua pamba, Nyanjige wa Dutwa alifunga maksai wake wawili kwenye mkokoteni akawa anasomba mizigo ya majirani hadi popote penye mnunuzi. Safari moja ya Malampaka, wilaya ya Maswa, maksai mmoja akaanza kuchechemea. Akamwacha kwa mkulima mmoja, Mayige, mpaka apone. Aliporudi kumchukua, Mayige alimwambia, macho makavu, kwamba ng'ombe ni wake.

Nyanjige akafungua kesi mahakama ya mwanzo, Bariadi. Hakimu alisoma karatasi, akasema, "Mahakama hii haina mamlaka."

Nyanjige alitoka amenuna. Mahakama yenye bendera na polisi, haina mamlaka? Karani, mzee Marcelo, alimfuata nje.

"Mayu, mama yangu, hakusema mahakama ni dhaifu. Hilo neno tumelitoa kwa Waarabu, na kwao ni ufalme. Ni ndugu wa neno miliki. Mfalme huamua mambo ya nchi anayoimiliki. Akivuka mpaka, ni mgeni kama wewe."

"Yaani butemi, utawala wa ntemi," Nyanjige akasema. Baba yake alimsimulia jinsi ntemi, chifu wao, alivyoogopwa, lakini mwizi akishavuka mto, ilibidi aombwe ntemi wa ng'ambo.

"Hiyo hiyo. Mayige anakaa Maswa, na ng'ombe kamzuilia Maswa. Nenda huko."

Akaenda. Siku ya kesi Mayige alikuwa wa kwanza kusimama.

"Mheshimiwa, mama huyu ni mtu wa Bariadi. Kesi yake iende kwao. Hapa hakuna mamlaka."

Nyanjige alijikaza asicheke, akaomba kusema. "Mheshimiwa, mamlaka haifuati nilikotoka mimi. Inafuata alipozuiliwa ng'ombe, na anapokaa aliyemzuia. Kote ni hapa."

Hakimu, dada mdogo kuliko binti wa kwanza wa Nyanjige, aliweka kalamu chini. "Nani kakufundisha, mama?"

"Karani wa Bariadi. Na baba yangu."

Majirani wawili wa Mayige walieleza walivyomwona Nyanjige akimwacha ng'ombe. Kabla ya saa saba Nyanjige alikuwa njiani na maksai wake, kanenepa kuliko alivyomwacha.

Sasa Dutwa nzima humwita Mama Mamlaka. Anayetaka kushtaki hupita kwanza kwake, naye humwekea kigoda na kumuuliza mshtakiwa anaishi wilaya gani. Mumewe, Shigela, hulalamika kwamba uji wa wageni unamaliza mtama, kisha huenda kuongeza viti.