Kanga Juu ya Uso wa Bwana Mkubwa

Harufu ya gundi ya mbao, ikichanganyika na ya bati lililoloa mvua, hunirudisha Troyeville, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yangu, nikiwa na umri wa miaka kumi. Baba alikuwa fundi wa fremu za picha, mtu wa Tanga, na karakana yake ilikuwa na vyumba viwili: cha mbele kwa kazi, cha nyuma kwa maisha yetu yote, kulala, kupika na kuswali. Kona ya chumba cha mbele alimwachia Papa Mukendi, seremala kutoka Lubumbashi, aliyekarabati viti vya kale na kulala chini ya meza yake mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kujistiri. Yalikuwa majira ya zile mvua za alasiri, wakati mbingu ya Johannesburg hupasuka ghafla baada ya joto la mchana, na mvua ya mawe hupiga mabati hadi watu wakazungumza kwa ishara.

Majira hayo muuza vitu vya kale alimletea baba picha kubwa ya rangi ya mafuta, fremu yake ikiwa imeliwa na mchwa. Alikuwamo bwana mkubwa wa Kiingereza wa karne ya kumi na nane, nywele za bandia zimenyunyizwa unga, mkono mmoja kiunoni, nyuma yake ziwa na malisho yasiyo na mtu hata mmoja. Dirisha la mbele lilikuwa limevunjika, na kwa kuhofia wezi baba aliiingiza picha chumbani kwetu. Nyuma ya picha palibandikwa karatasi iliyoeleza maisha ya bwana huyo, nami, niliyekuwa nikijifunza Kiingereza shuleni, niliamriwa kuifasiri. Alimiliki mabonde mawili. Alikaa bungeni miaka mingi na kusifiwa kwa hotuba zake juu ya uhuru. Malisho ya umma aliyazungushia ua yakawa yake. Na kijiji kilichosimama mbele ya madirisha yake alikibomoa, akachimba ziwa, apate mandhari ya kupendeza. Karatasi ilimalizia kwamba wanakijiji waliondoka bila manung'uniko.

“Nani aliwauliza?” baba alisema, akaendelea kupiga randa.

Papa Mukendi alicheka. “Eh, fundi, huyu muzee iko naniangalia sawa miye nimemwibia kuku!”

Mimi sikucheka. Macho yale yalinifuata kila nilikokwenda, na kilichonitisha zaidi ni kwamba hayakuwa na hasira. Yalinitazama kama kitu kilichosimama kumzibia ziwa lake.

Mama hakukubali kuswali mbele ya sura ya mtu; malaika, alisema, hawaingii penye picha. Akaagiza kila alasiri niifunike kwa kanga yake kuukuu iliyokunjwa juu ya sanduku. “Na ile nyekundu mpya usiiguse. Hata chumvi haijaona.” Kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba kanga mpya huchuja rangi, na hulowekwa kwanza katika maji ya chumvi. Nami nilijua. Lakini kanga kuukuu ilikuwa nyepesi mno. Yale macho yalionekana kupitia kitambaa, kama ya mtu anayejifanya amelala. Siku moja, nikiwa peke yangu chumbani, nilishindwa kuvumilia. Nikatwaa ile nyekundu, nzito kwa wanga, nikamfunika, na kwa mara ya kwanza nikakaa naye kwa amani.

Kisha mvua ikaja. Paa lilivuja mahali lisipowahi kuvuja, na nilipotanabahi, kanga ilikuwa imelowa na kugandamana na picha. Niliivuta. Kutoka jichoni hadi kidevuni, mahali ambapo vanishi ilikwisha kubanduka, palikuwa na mchirizi mwekundu. Niliisukuma kanga mbichi chini ya kitanda, nikatandaza ile kuukuu, nikasimama kando.

Baba alipoingia na kuifunua, hakunitazama mimi. Alitazama chumba cha mbele, alikosimama Papa Mukendi akiwa na brashi na kopo la rangi nyekundu ya kupaka viti.

“Mukendi! Umeingia na brashi yako humu?”

Papa Mukendi alikuja mlangoni. Aliitazama picha, kisha vidole vyangu, vilivyokuwa vyekundu hadi kwenye kucha. Nikavificha mgongoni. Tulitazamana kwa muda ambao sijapata kuona mwisho wake.

“Kama unasema ni miye, fundi,” alisema taratibu, “basi ni miye.”

Kabla ya magharibi alikuwa amefunga patasi zake katika gunia. Alikwenda upande wa Rosettenville, watu walisema; hatukumwona tena. Aliondoka bila manung'uniko. Jioni ile niliiloweka kanga, na mama akanisifu kwa kukumbuka chumvi.

Baba amefariki bila kuambiwa. Mimi nimekuwa mtu wa vitabu na wa kukemea. Nimeandika kwa ukali juu ya wenye nguvu wanaofuta watu kisha kuuita ukimya wao ridhaa, na wasomaji hunishukuru kwa ujasiri. Mara mbili nimezunguka karakana za Rosettenville nikiuliza jina lake. Mara zote mbili, nilipoambiwa kwamba hajulikani, nilihisi nafuu kabla ya kuhisi huzuni, na nafuu hiyo ndiyo ninayoihukumu kuliko uongo wa mtoto.

Mwezi uliopita niliingia na binti yangu katika hoteli moja ya kaskazini mwa jiji, na bwana mkubwa alikuwa ukutani, juu ya meko. Nilisogea karibu. Nilitafuta mchirizi kutoka jichoni hadi kidevuni. Mafundi walikuwa wameusafisha. Shavu lilikuwa jeupe, ziwa tulivu, na hapakusalia alama yoyote ya kushuhudia kwamba palikuwa na mtu.

“Nani huyo?” binti yangu aliuliza kwa Kiingereza, lugha anayonijibia siku zote.

Nikamweleza kwa Kiswahili habari za mabonde, bunge na kijiji. Alisikiliza, akaitazama picha, kisha akanigeukia.

“Mama, mbona umeficha mikono?”