Rangi Kwenye Mtaro wa Waya

Kaka yangu hakufanya kwa ubaya. Naanza na hilo kwa sababu wanaosimulia habari hii hapa Masumbwe huwa hawalisemi, na mimi mwenyewe kuna siku nalisahau.

Dar es Salaam kuna kituo ambako kampuni za intaneti za nchi nzima zinakutanisha mitandao yao. Walitaka kuweka tawi lake huku kwetu, kwa kuwa kampuni tatu zina nyaya zinazopita hapa na haziunganishwi popote karibu. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo naeleza nilivyoelewa. Mhandisi aliniambia hivi: zahanati ikimtumia mke wangu orodha ya dawa kwenye duka lake la dawa, ng'ambo ya barabara, ile orodha inakwenda kwanza Dar, pengine inatoka hadi nje ya nchi, ndipo irudi kuvuka barabara. Nilicheka. Nilidhani anamtania mtu wa shamba. Kumbe ni kweli, na ndiyo maana wagonjwa walikuwa wanakaa kwenye benchi la mke wangu wakisubiri orodha ifunguke kwenye simu yake, wengine wamebeba watoto wenye homa.

Basi nikakitaka kile kituo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha watu wote.

Chumba kilipatikana kwenye ghala la zamani la pamba, kisiwe mali ya kampuni yoyote. Kabati la chuma lenye mashine likaletwa. Kampuni mbili zikaingiza nyaya zao. Ya tatu waya wake ulikuwa upande wa pili wa mashamba ya mihogo, na ulihitaji mtaro. Mhandisi alisema wazi kwamba wawili wakikutana hicho si kituo, hao ni majirani tu. Wa tatu asipofika kabla yeye hajarudi Dar, kabati litapelekwa mji mwingine. Usimamizi wa mtaro nikapewa mimi, nadhani kwa sababu sikuwa mtu wa kampuni yoyote. Sidhani kama kulikuwa na sababu nyingine.

Nikamwita kaka kutoka Rwamgasa. Duara lao, yaani shimo lao la dhahabu, lilikuwa limejaa maji na hakuwa na kazi. Hakuna aliyechimba kwa kunyooka kama yeye. Akaja na sururu yake, akawa kiongozi wa vijana wote, na watu waliopita walikuwa wanatusalimia kwa Kisukuma na kututania.

"Mwangaluka! Mnapanda nini hapo?"

"Intaneti," kaka akajibu.

"Itaota lini?"

"Mvua ikinyesha. Wewe lete samadi."

Zilikuwa siku nzuri. Tulikuwa hatujafanya kazi pamoja tangu tulipokuwa tukichunga ng'ombe wa baba.

Bomba la waya lilikuwa limelazwa zaidi ya nusu ya njia pale kaka alipogonga jiwe jeupe lenye kutu. Alilitia mfukoni, jioni akalitwanga, akalisafisha kwenye karai. Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, macho yanang'aa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vaa viatu, bwana mdogo. Kuna rangi."

Rangi ni ule unga wa dhahabu unaobaki chini ya karai. Nikamwomba anyamaze, walau mpaka waya ufike.

"Kwa watu wengine nitanyamaza," akasema. "Lakini wenzangu wa duara siwezi kuwaficha. Hao nimezama nao, wamenitoa kwenye kifusi. Nimeshawaambia." Kisha akanishika bega. "Na wewe nimekutengea sehemu nzuri, pale karibu na ghala. Mtaro ni wako, nisingekusahau."

Huo ndio utaratibu wao, na siwezi kuuita mbaya. Anayeona rangi akawaficha wenzake ni mwizi, hata kama hakuchukua kitu. Na kweli alikuwa amenitengea. Alikuwa amechomeka kijiti na kukifunga kitambaa.

Kabla jua halijakaa kichwani pikipiki zilikuwa zimejaa kutoka Rwamgasa, na nyingine kutoka upande wa Ushetu. Mkulima aliyeturuhusu kupitisha mtaro alilia mihogo yake ikikanyagwa. Mtaro tulioupima kwa kamba ukawa safu ya mashimo. Wengine walinijia kwa heshima, "Bosi, hili bomba la rangi ya chungwa tunaruhusiwa kulisogeza?" na wengine hawakuuliza, walilikata wakavutia maji. Nilisimama katikati nikipiga kelele za waya, waya. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, waya utapita hata mwakani. Dhahabu haingoji."

Mhandisi alipofika aliniuliza kwa upole kwa nini nilimweka mchimba dhahabu achimbe mtaro. Nikamwuliza hapa angempata nani ambaye si mchimba dhahabu. Halikuwa jibu. Alijaribu kuwaomba wakubwa wake wa Dar wamwongezee muda, nilimsikia kwenye simu, alijitahidi kweli. Walikataa.

Ile rangi ilikuwa ya jiwe moja tu. Watu walichimba mpaka maji, wakapata mawe, wakaondoka.

Siku ya kuhamisha kabati tulikuwa wachache na lilitushinda kuliinua kwenye lori. Kaka akatokea, udongo umemkaukia hadi kwenye nyusi, akaingia upande wangu. Tukalibeba pamoja. Lori lilipoondoka akakaa kwenye kizingiti cha ghala.

"Umenikasirikia."

"Sijui."

"Ingekuwa wewe umeiona ile rangi, ungewaficha wenzako?"

Nilifikiri kweli, sikutaka kumjibu kwa hasira. Nikamwambia pengine nisingewaficha. Lakini nikamwambia pia kwamba kuna watu wamekaa kwenye benchi la shemeji yake, na hao nao walikuwa wenzangu.

Akainamisha kichwa. "Hao hukuniambia," akasema.

Na kweli, nilikuwa nimemwambia habari za nyaya tu. Aliondoka wiki hiyo kwenda kwenye rashi nyingine ya dhahabu, mbali, simu yake haipatikani. Mke wangu amewaongezea wagonjwa benchi la pili.