Usiniweke Kwenye Simu

Alipokuja kuniomba kazi hakuuliza mshahara. Aliuliza kama mimi ni mtu wa kupigapiga watu picha.

Nilicheka. Kibanda changu cha samaki kiko Mbita, kando ya barabara ya kwenda Rusinga, na siku hizo nilikuwa nimetoka semina Homa Bay, semina ya wafanyabiashara wadogo, mtandao umenijaa mpaka kwenye nywele. Nilikuwa napiga picha kila kitu: ngege wabichi, ngege kwenye mafuta, sahani imejaa, sahani imelambwa. Nikamwambia, "Dada yangu, hapa hata paka ana picha yake."

Hakucheka. Alikuwa amemshika mkono binti yake, mtoto wa chekechea, ana sweta iliyomzidi mabega. "Basi Mama, naomba kitu kimoja tu," akasema. "Usiniweke kwenye simu. Mimi wala mtoto."

Nikamketisha, nikampa chai, akanieleza. Alikuwa amemkimbia mumewe, dereva wa trekta za miwa upande wa Awendo. Mkono wake wa kulia haukunyooka. Mume aliuvunja, nao ukaunga vibaya. Lakini hakuja Mbita kwa sababu ya mkono. Alikuja kwa sababu ya mtoto. Mahari yake ililipwa mpaka ng'ombe wa mwisho, wakaswagwa hadi kwao Kuria, karibu na Kehancha, na huku kwetu, upende usipende, ng'ombe wakishafika, mtoto ni wa kwa baba. Kurudi kwao hakuweza, kwa maana ng'ombe wale wale kaka yake alishawatoa kuolea mke wake. Nani angewarudisha?

"Wakijua niko wapi watakuja kumchukua," akasema. "Na mimi kumwacha peke yake kwenye nyumba ile, siwezi. Nitarudi naye."

Nikaapa. Tena niliapa kwa sauti, mkono juu, kama niko mahakamani. Mimi ni mtu wa kuapa upesi.

Huku mwanamke akiolewa huitwa kwa alikotoka. Nyar fulani, yaani binti wa mahali fulani. Mimi mwenyewe sokoni hakuna anayejua jina nililobatizwa. Wanajua nyar wapi nilivyo, basi. Kwa hiyo yeye, aliyezaliwa Kuria, hata wiki haikuisha tukawa tunamwita Nyar Kuria. Aliitika bila shida. Kule Awendo nako walimwita hivyo hivyo. Hilo aliniambia mwenyewe, tukichambua mboga, nami nikalisikia kwa sikio hili likatokea lile.

Yawa, mwanamke yule alijua kusonga ugali! Unga wa muhogo na mtama, sufuria kubwa ya kulisha matanga, na anasonga kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umemgomea. Anaikanyaga sufuria kwa miguu na kipande cha gunia, anazungusha mwiko, jasho linamtoka, na huku anacheka na wateja. Wavuvi walikuwa wanaacha ugali wa wake zao. Mimi nilikaanga samaki tu, na samaki kila mtu hapa anakaanga.

Sasa ile semina. Tulifundishwa usalama wa mtandaoni, nami nilishika kila neno. Neno la siri liwe refu, usimtajie mtu. Ukipigiwa simu ukaulizwa namba zilizotumwa, kata. Usibonyeze kila kiungo unachotumiwa. Kuna tapeli alijaribu kuuchukua ukurasa wangu, akajifanya ni wa kutoa tuzo za biashara. Nilimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mimi ni mama wa kanisa. Nilijisifu soko zima. Nikawa ndiye ninayefundisha wenzangu wauza dagaa wa omena jinsi ya kufunga simu zao.

Tulifundishwa pia kwamba watu hawanunui chakula, wananunua sura. Onyesha watu wako. Na mteja akiuliza, mjibu hapo hapo, kwa maana akingoja, ameenda kwa jirani.

Kuhusu mtu aliyesimama nyuma ya chakula, anayekuomba usimwonyeshe, hatukufundishwa. Lakini nitamlaumuje mwalimu? Hilo linahitaji semina kweli?

Jirani yangu alifungua hoteli yenye viti vya rangi na kijana wa kumpiga video. Samaki wake ni mkavu kama ukindu, lakini watu wakaenda. Wiki nzima nikakaa napunga nzi. Hasira ilinipanda nikashindwa hata kusali. Mchana mmoja nikageuka nikamwona Nyar Kuria anasonga, mvuke umemfunika, uso ameuinamisha, na mwanga unaingia kwa upande. Simu ilikuwa mkononi. Nikapiga.

Nikaikagua sana picha ile, na hapo ndipo nilipojidanganya. Nikasema: uso nusu hauonekani. Mtoto yuko kule nyuma kwenye gunia, ni kichwa tu. Jina lake sitaandika, kwa hiyo kiapo changu kiko salama. Nikaandika chini yake: "Nyar Kuria anasonga leo! Fundi wa mkono wa kushoto. Njooni Mbita."

Msomaji, usinihurumie hapo. Nilificha jina la kitambulisho, ambalo hakuna aliyelijua, nikaandika jina ambalo ukoo mzima wa mume ulimwita nalo. Na ule mkono wa kushoto! Nilijua fika kwa nini ni wa kushoto. Nikaufanya tangazo.

Picha iliwaka moto. Laiki, komenti, watu wakashea mpaka kwa watu nisiowajua Migori na Kisumu. Wateja wakaja wakiuliza yuko wapi Nyar Kuria. Yeye alikuwa na kabambe tu, simu ya kupiga na kupokea, kwa hiyo hakuona kitu. Siku moja akaniuliza, anafurahi, "Mama, watu wanalijulia wapi jina langu?"

"Chakula kizuri kina miguu," nikamjibu.

Akacheka sana. Mpaka leo kile kicheko kinaniuma kuliko angenitukana.

Halafu katika zile salamu nyingi za inboksi, mmoja akaandika kwa adabu kabisa: "Habari Mama. Huyo Nyar Kuria hupatikana siku gani? Ningependa nami nionje." Picha yake ilikuwa trekta imebeba miwa. Nilifikiria nini? Nilifikiria huyu ni mkulima mkubwa, ataleta na wenzake. Nimejiuliza mara nyingi kama sikuona ile trekta au nilikataa kuiona, na jibu silipati, na labda kutolipata ndilo jibu lenyewe.

Nikamjibu hapo hapo, kama nilivyofundishwa. "Yupo kila siku isipokuwa Jumapili, asubuhi hadi jioni. Ukishuka stendi ya Mbita uliza kibanda cha samaki cha barabara ya Rusinga, hata mtoto atakuleta. Karibu sana!" Nikamwekea na ramani. Nikamwekea na kamoyo.

Walikuja wanaume watatu, mchana, watu wa heshima, viatu vimepigwa rangi. Mzee mmoja na vijana wawili. Waliosha mikono, wakaagiza samaki, wakamsifu mpishi. Yule wa katikati sura yake niliiona kama naijua. Nikawawekea hata supu ya bure, nikijua wageni wa mtandaoni hao, watasema vizuri huko mbele.

Nyar Kuria alikuwa ametumwa sokoni. Akaingia na beseni la mboga kichwani, akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alilishusha beseni polepole, akaliweka chini, kisha akajifuta mikono kwenye leso kama mtu anayejiandaa kusalimiana.

"Nyar Kuria," yule wa katikati akasema. "Habari ya siku."

Ndipo nikaijua ile sura: ni ya mtoto, na huyu ndiye mumewe. Mzee, baba yake mdogo yule dereva, akatoa simu mfukoni, akainyoosha tuione sisi sote. Ilikuwa ile picha. "Hatukuja kugombana na mtu," akasema. "Tumekuja kwa ajili ya mtoto wetu. Huyu mama ametusaidia, asingeiweka hii tungeendelea kuhangaika."

Nyar Kuria aliitazama picha, kisha akanitazama mimi. Mara moja tu.

Nilibweka, mnisamehe neno, lakini ndivyo nilivyofanya. Nikawaambia watoke kwenye kibanda changu, nikashika mwiko, nikasema mwanaume anayevunja mke mkono hana mtoto. Mzee akaniuliza taratibu, "Mama, wewe ulipoolewa, kwenu ng'ombe hawakufika?" Nikaushusha mwiko. Walifika. Na wateja wangu, wale wavuvi waliomsifu kila siku, wakawa wanatikisa vichwa wakikubaliana na mzee, mmoja bado anatafuna.

Mara mtoto akatoka shule kuja kula. Alipomwona dereva alipiga kelele, "Baba!" akamkimbilia, akamrukia. Alikuwa mdogo, aliyakumbuka mapenzi, mengine hakuyaelewa. Yule mwanamume naye akamkumbatia akalia. Nitasema kweli, alilia. Ningependa kusema alikuwa shetani mwenye mapembe, ingenisaidia.

Nikamvuta Nyar Kuria nyuma ya kibanda, kwenye kuni. Nikamwambia twende kwa chifu.

"Chifu naye ameoa kwa ng'ombe, Mama."

Nikamwambia basi twende Homa Bay, kuna ofisi ya mambo ya watoto, nitafunga kibanda, nitakaa nawe mpaka wakusikilize.

"Mpaka wanisikilize, mtoto atakuwa amelala wapi leo?" Alikuwa anakunja nguo zake anaziingiza kwenye mfuko, kwa ule mkono wa kushoto, upesi upesi. "Nilikwambia siku ya kwanza. Akienda, naenda."

Nikaanza kulia mimi, mtu mzima, badala yake yeye. Akanishika bega. "Ni picha tu, Mama. Uliona uso hauonekani. Hukujua."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mdomo huu ambao hauna breki, unaoropoka kanisani na sokoni, ungesema: si picha tu, binti yangu. Aliniandikia, nami nikamwelekeza, nikampa na ramani. Maneno matano sita. Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, sikujua. Akaenda akiamini hivyo.

Jioni ile niliifuta picha. Kazi bure, ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu, na mpaka leo wapo wanaofika na kuuliza yule wa mkono wa kushoto yuko wapi. Nawaambia amekwenda kwao. Wanakaa, wanakula. Ugali nasonga mwenyewe sasa, hauivi vizuri, lakini kibanda kinajaa, na wamekuja kwa ile picha. Kila sahani ninayoisukuma mezani najua ni nani aliyeilipia. Ukurasa wangu nao, chini ya jina la kibanda, umeniandikia kwamba mimi ni mtu wa kujibu haraka. Nimetafuta pa kulifutia neno hilo sijapaona.

Mume wangu husema niache, hata bila picha wangempata, Mbita si ng'ambo. Mama mkwe wangu yeye husema mtoto amekwenda kwao, kosa liko wapi? Wote wawili sijawaambia habari ya inboksi. Nilikuwa nikijipa moyo kwamba angalau na yeye hajui.

Kisha juzi, baada ya kanisa, nikafungua simu. Ujumbe mpya umetoka kwa yule mwenye picha ya trekta. Nikaufungua, ukatokea chini kabisa, na juu yake yale maneno yangu yamekaa kama nilivyoyaacha, karibu sana, na ramani, na kamoyo.

"Mama ni mimi. Nilitaka kukusalimia, nikatafuta kibanda, nikakuta mlishaongea. Nimesoma. Mtoto hajambo, anaendelea na shule. Usijibu. Simu ni yake."

Nimeandika "nisamehe" nikaifuta, nikaiandika tena. Nikiituma ataisoma nani? Akiisoma mume, atajua mke ameshika simu yake, na sijui ni mkono upi utalipa. Kwa hiyo nimekaa na kidole juu ya kioo, mimi mtu wa kujibu haraka. Alinipa masharti mawili tangu tujuane. La kwanza lilikuwa rahisi, nikalivunja. Hili la pili nalishika.