Kibuyu Kisichorudi Kitupu

Siku hiyo tulikuwepo hawa: mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwenzake mmoja aliyependa kuomba kwa sauti, homugadi, askari wa kijiji wa serikali ya Waingereza, aliyetumwa kusikiliza kama tunazungumza siasa, bibi kizee wa nyumba ya mwisho karibu na handaki, wadogo zangu watatu, na mimi.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau, katika kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu, si mbali na Runyenjes. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule nilee wadogo zangu. Lakini kila asubuhi mtu mzima wa kila nyumba alitakiwa kwenda kuchimba handaki la kuzingira kijiji, na mtu mzima wa kwetu nilikuwa mimi. Akina mama wakasema watoto hawawezi kubaki peke yao. Watagawanywa, kila mmoja nyumba yake. Walisema hayo kwa upole, kama wanaogawa mbegu. Nikakataa. Wakanipa mpaka jioni nipate mtu wa kukaa nao.

Akina mama hao walikuwa na kikundi cha kutembelea wapweke, na siku hiyo zamu ilikuwa ya yule bibi. Uji ulikuwa kwenye kibuyu chetu, mimi nikiubeba, wadogo zangu nyuma.

"Cucu, tumekuletea upendo," mwenyekiti akamwambia bibi.

"Upendo huo una uji ndani?"

"Unao."

"Basi urudisheni."

Ilikuwa mara ya tatu kuwafukuza. Mwenyekiti alisema ni kiburi. Mwenzake alisema ni shetani, akafumba macho tayari kumshughulikia.

Mimi sikuona shetani. Kwetu kibuyu cha uji hakirudishwi kitupu. Ukiletewa, unarudisha walau kiganja cha kunde. Mimi mwenyewe nilishajificha nyuma ya nyumba nilipoona jirani anakuja na uji, kwa sababu sikuwa na kunde. Bibi naye hakuwa na kitu.

Nikamwambia, "Cucu, kibuyu ni chetu. Usitie kitu. Kilete wewe mwenyewe kesho asubuhi, ukae na hawa watoto nikienda handakini."

Akawatazama. "Wana kelele?"

"Sana."

"Wanaiba?"

"Huyu mdogo tu."

"Huyo nitamweza. Leta uji."

Mwenyekiti akachanganyikiwa. "Sasa nani anamtembelea nani? Mpweke wetu ni nani?"

"Mpeni huyo askari uji," bibi akasema. "Analala mchana kwa kukosa wa kuongea naye."

Homugadi akashtuka, akauliza kama hiyo ni siasa.

Bibi alikuja kesho yake, na kila asubuhi mpaka tuliporuhusiwa kurudi mashambani. Wadogo zangu hawakugawanywa. Walijifunza matusi ambayo mchungaji hajui kama yapo. Kisha watoto wa kaka yake bibi wakaja kumchukua kwenda Kanyakine, akaondoka akiwatukana kwa mwendo wao wa polepole.

Leo kikundi kile bado kipo, nami hukipelekea unga kila baada ya mavuno. Nikipigiwa makofi kanisani, hukaa chini haraka. Kutoa unga si kazi. Bibi hakutupa unga; alitupa asubuhi zake. Kwa hiyo kila Alhamisi mimi huenda kukaa na mzee mmoja asiyesikia, ambaye hunisimulia habari za ng'ombe yuleyule tangu mwanzo, na nikisinzia hunipiga kwa bakora. Nikipiga hesabu ya asubuhi za yule bibi, deni bado halijapungua hata kidogo.