Mti wa Vimelea

Mimi si mtu wa kusifu mashine. Kompyuta ya mezani ya maabara yetu pale Bariadi huwaka kwa mbinde, na nimeitukana zaidi ya nilivyowahi kumtukana binadamu. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: programu ya vinasaba tuliyowekewa kwa ajili ya utafiti wa kifua kikuu ilinifunga mdomo. Zamani tulisoma vinasaba vya vimelea kwenye programu moja, tukachora kwenye nyingine, kisha tukapekua mafaili kujua mgonjwa anatoka kijiji gani. Hii iliviweka vyote kwenye kioo kimoja, hata mtandao ukikatika, na mtandao wetu una kisirani. Niliipenda, sifichi.

Asubuhi moja akaja mzee mfugaji kutoka Lingeka, na mkewe, na mke wa mwanawe aliyeolewa kutoka Mkula. Wote watatu walikuwa kwenye dawa za kifua kikuu, na vimelea vyao tulishavisoma. Nyumbani kesi ilishakwisha: bibi harusi ndiye aliyeleta ugonjwa, arudishwe kwao, na ng'ombe wa mahari warudi zizini.

“Mwangaluka, daktari,” mzee akanisalimu. “Nasikia mashine yako inajua nani kamwambukiza nani. Iseme, tumalize.”

“Mwangaluka, baba. Hilo hailiwezi. Inaonyesha tu vimelea gani ni ndugu na gani si ndugu.”

“Udugu naujua. Onyesha.”

Nikawauliza mmoja mmoja kama anaridhia majibu yake yaonekane na wenzake. Bibi harusi aliitika wa mwisho.

Nikabonyeza. Mti wa ukoo wa vimelea ukajichora taratibu, tawi baada ya tawi. Vya mzee na vya mkewe vilibanana kwenye tawi moja. Vya bibi harusi vilikuwa upande wa pili kabisa, wala havikukaribiana. Jinsi nilivyofurahi, nusura nipige makofi.

Mzee alikisogelea kioo, akakohoa. Alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, na miaka yote alikisingizia tumbaku.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” akasema. “Kumbe ni sisi wenyewe. Ng'ombe wabaki walipo.” Akamgeukia mkwewe, akamwita kwa heshima kama mama. “Mayu, twende nyumbani.”

Nami nikamgeukia bibi harusi, nikitegemea tabasamu. Hakutabasamu.

“Na vimelea vingekuwa vyangu, daktari,” akaniuliza, “ningestahili kufukuzwa?”

Furaha yangu yote ikaniishia. Mzee akainamia fimbo yake. Mti ulikuwa bado kwenye kioo, mzuri, kila tawi na rangi yake, na hakuna aliyeutazama.